Ha Long: Bahari Iliyofagiwa

Kabla sijaweka begi chini, kijana wa boti aliniuliza nina miaka mingapi.

Nikamtazama vizuri. Kwetu Tanga kijana wa miaka ishirini na kitu hamuulizi mtu wa makamo umri wake mbele za watu, tena hata glasi ya maji hajampa. Nikamjibu: hamsini na sita. Akaona haya kidogo, akauliza tena: basi mimi ni mkubwa kwa baba yake? Baba yake ana hamsini na mbili. Uso ukamkunjuka. Basi, akasema, nitakuita bác.

Nilikuja kuelewa usiku, tukiwa tumekaa sitahani na chai. Kivietnam hakina "wewe" ya kumtupia kila mtu. Ukitaka kumsemesha mwenzako lazima kwanza ujue anakukaa vipi kiukoo, hata kama humjui: kaka, dada, mdogo wangu, shangazi, babu. Mwanamume aliye mkubwa kwa baba yako ni bác, aliye mdogo kwake ni chú. Nikamwambia yule kijana kuwa hapo hana la kunifundisha, kwani kwetu ni baba mkubwa na baba mdogo. Alicheka mpaka akaita wenzake jikoni waje wasikie. Na hapo nikagundua kitu kingine. Ho Chi Minh, ambaye taifa zima linamwita Bác Hồ, kumbe ni Baba Mkubwa Ho. Miaka yote nimekuwa nikisikia "Mjomba Ho". Aliyetuletea jina hilo kupitia Kiingereza hakujali kuuliza ni upande gani wa ukoo.

Nimeanza na salamu kwa sababu ilinikaa kichwani siku zote tatu. Watu hawa hawawezi hata kumwomba mtu chumvi bila kujua ni nani kwao. Halafu wana ghuba moja, mashuhuri dunia nzima, ambayo imeondolewa wenyewe.

Nilikuwa Hanoi kwa mkutano wa wiki moja, nikaongeza siku kwa gharama zangu. Safari niliyochukua ni ya siku tatu na kulala mara mbili majini. Bei sitaitaja, mke wangu husoma gazeti hili. Kutoka Hanoi ni kama saa mbili na nusu kwa gari, kwa barabara kuu mpya, mpaka gatini katika jimbo la Quang Ninh, kaskazini mashariki mwa nchi. Watu wengi huchukua usiku mmoja. Unapanda boti adhuhuri, kesho yake saa tano asubuhi umeshashushwa, shuka za kitanda chako zinavuliwa kabla hujafika kwenye gari. Kwa huyo wa usiku mmoja nina neno dogo: ameona picha aliyokwisha kuiona kwenye simu, ila safari hii na yeye mwenyewe yumo ndani.

Na picha yenyewe, tusiwe wanafiki, ni nzuri ya kumfanya mtu asimame na kijiko mkononi. Ghuba ya Ha Long ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,553 na visiwa 1,969. Vingi havina mahali pa kujenga wala kulima. Ni majabali ya chokaa yaliyosimama wima majini, meusi chini, kijivu katikati, kijani kichwani, mengine membamba kama mnara wa msikiti, mengine yamejikunja kama ng'ombe aliyelala. Jina Ha Long maana yake joka lishukalo. Wenyeji husimulia kuwa joka mama na wanawe walishuka kuwasaidia watu waliovamiwa kutoka baharini, wakatema johari zilizogeuka visiwa na kuwafungia adui njia. UNESCO iliiingiza ghuba katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994 kwa uzuri wake, ikarudia mwaka 2000 kwa ajili ya miamba yake, na mwaka 2023 mipaka ikasogezwa hadi visiwa vya Cat Ba, upande wa Hai Phong.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ratiba. Tulishushwa kwenye pango la Sung Sot, katika kisiwa cha Bo Hon, ambalo Wafaransa waliliita pango la mshangao. Mshangao wangu wa kwanza ulikuwa foleni. Tulipanda ngazi bega kwa bega na watu wa mataifa yote, vibendera vya viongozi wa misafara vikipepea mbele yetu kama tuko kwenye maandamano. Pango ni kubwa kweli, vyumba juu ya vyumba, mawe yananing'inia kutoka darini kama nguo zilizoanikwa, na taa zimefichwa nyuma ya kila kitu kinachoweza kufananishwa na kitu. Kiongozi anaonyesha kwa tochi: kobe yule, simba yule. Nikakumbuka mapango yetu ya Amboni, ambako taa ni ile anayoibeba aliyekutangulia, na katikati ya giza anakuonyesha mahali watu wanapoacha ubani na vitambaa kwa mzimu. Chokaa ni chokaa, na mvua iliyoichonga ni mvua. Ila Amboni hukuambia kuwa kuna watu wana shida zao na mahali hapo. Sung Sot ilikuwa safi kama benki.

Kisha Ti Top. Hiki ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na ngazi zaidi ya 400 za kupanda kileleni. Jina lake ni la mwanaanga wa Urusi ya wakati ule, Gherman Titov, mtu wa pili kuizunguka dunia baada ya Gagarin. Agosti 1961 aliizunguka mara 17 kwa saa 25 na dakika chache. Mwaka uliofuata Ho Chi Minh alimleta hapa kutembea, kisiwa kikapewa jina la mgeni, na sanamu yake ipo pale chini. Nilifika kileleni magoti yakinitetemeka. Kwenye ghuba chini yangu nilihesabu boti mpaka 40, nikaacha.

Usiku ule wa kwanza haukuwa wa bahari. Boti haziruhusiwi kulala popote zinapotaka; mamlaka zimetenga sehemu za kutia nanga, na zote hukusanyika huko kama daladala zinavyojaa stendi jioni. Jenereta za majirani zinanguruma, mwanga wa rangi unacheza juu ya maji, na kutoka boti ya tatu mtu anaimba karaoke kwa moyo wote na kwa sauti ambayo Mungu hakumpa. Nililala nikijiambia kuwa nimepigwa.

Kilichoniokoa ni kitu nilichokiona alfajiri, wakati wenzangu wako sitaha ya juu wanafundishwa kunyoosha mikono polepole mtindo wa Kichina. Mimi nilikuwa shetri, nimeegemea kizuizi, natazama jabali lililokuwa karibu nasi. Majabali yote ya Ha Long yana mkato shingoni, pale maji yanapofika, kama shina la mti lililoguguniwa pande zote na panya. Ndani ya mkato ule kuna chaza waliong'ang'ania mwamba. Jioni kabla ya chakula nilikuwa nimewaona chaza hao wamefunikwa. Nilipokwenda kulala maji yalikuwa yanapwa. Sasa ni alfajiri, na kwa hesabu ya mtoto wa pwani maji yalipaswa yawe yamepwa, yamejaa, na pengine yameanza kupwa tena. Yalikuwa bado yanashuka.

Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikamwita yule kijana, naye akamwita nahodha, mzee mkavu mwenye sigara iliyozimika mdomoni. Nilimwonyesha mwamba, nikainua vidole viwili: mara mbili kwa siku? Akatikisa kichwa, akakishika kimoja cha vidole vyangu, akakikunja. Mara moja.

Sikuwa najua, na sioni haya kusema. Sisi tumezaliwa na bahari inayojaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, tukadhani ndiyo tabia ya bahari. Kumbe Ghuba ya Tonkin, kwa umbo lake na kina chake, hupokea nguvu ya mwezi kwa namna nyingine: kwa siku nyingi za mwezi maji hujaa mara moja tu na kupwa mara moja. Bamvua wanalo na maji mafu wanayo kama sisi, lakini mwendo wa siku ni mwingine kabisa. Mvuvi wa Tanga ukimleta hapa atakosa wakati wa kila kitu kwa wiki nzima.

Na wenyeji wa hapa walikwisha kuifanya hesabu hiyo kuwa silaha. Magharibi ya ghuba unamwagika mto Bach Dang. Mwaka 938 Ngo Quyen alipigilia vigingi vya mbao katika sakafu ya mto huo, akazichokoza meli za wavamizi kutoka Uchina wakati maji yamejaa na vigingi havionekani, akarudi nyuma kana kwamba ameshindwa, zikamfuata. Maji yalipopwa meli zikakwama juu ya vigingi. Mwaka 1288 Tran Hung Dao aliurudia mchezo ule ule kwa jeshi la majini la Wamongolia waliokuwa wakitawala Uchina, nalo likateketea. Ndani ya ghuba liko pango liitwalo Dau Go, na wenyeji husema ndimo vilimohifadhiwa vigingi vya Tran Hung Dao. Kweli au si kweli, jambo moja halina ubishi: bila mtu aliyejua maji yatageuka saa ngapi, vigingi vile ni kuni tu.

Sasa niulize: hao wanaojua maji wako wapi?

Walikuwa humu humu ghubani. Cua Van, Vung Vieng, Ba Hang, Cong Dam: vijiji vilivyoelea katikati ya majabali, nyumba juu ya mapipa na maboya, mbwa barazani, shule ya kuelea, kizimba cha samaki nyuma ya jiko. Watu walizaliwa, wakaoa na wakazeeka bila kukanyaga nchi kavu ila kwa haja maalumu. Mwaka 2014 serikali ya jimbo iliwahamisha, mamia ya kaya, ikawapa nyumba katika mtaa wa Ha Phong, pembeni ya mji wa Ha Long. Sababu zilizotolewa ni zile unazoweza kuzikisia: watoto wasome, wagonjwa wafike hospitali, dhoruba zisiwakute, na maji ya urithi wa dunia yasichafuliwe.

Sitaki kuwa mtalii anayelilia umaskini wa mwenzake kwa kuwa unapendeza kwenye picha. Mwenye mtoto aliyeugua usiku wa manane katikati ya bahari hana haja ya mimi kumsifia utamaduni wake. Na Septemba 2024 kimbunga Yagi kiliipiga pwani hii kwa nguvu, kikazamisha boti zilizokuwa zimefungwa, kikasomba vizimba vya samaki na chaza. Nyumba ya mapipa ingekuwa nini mbele yake? Kwa hiyo hoja ya shule na hoja ya dhoruba nazipokea kwa mikono miwili.

Hoja inayonikwama kooni ni ile ya uchafu. Wakati vijiji vinaondolewa, boti za kitalii zilibaki, kila moja na jenereta yake, choo chake na jiko lake. Pwani ya mji imefukiwa na kujengwa mahoteli. Na juu ya vilima vya Hon Gai na Cam Pha, tangu Wafaransa walipofungua migodi mwishoni mwa karne ya 19, makaa ya mawe yanachimbwa na kushushwa baharini kwa matishari mpaka leo. Ukiwa Bai Tu Long, usiku, taa za Cam Pha zinaonekana wazi kabisa. Sasa, katika orodha ndefu hiyo, ikaonekana anayeharibu mandhari ni bibi mwenye ndoo ya vichwa vya samaki! Ni kweli maboya ya povu jeupe ya vizimba yalivunjika na kutapakaa, hata mimi niliyaokota matatu nikiwa kwenye kayaki. Boya hubadilishwa. Halihitaji kijiji kizima kihame.

Katika misitu ya Cat Ba wapo kima wenye vichwa vya rangi ya dhahabu ambao hawapatikani kokote kwingine duniani. Wamebaki chini ya 100, na watu kutoka nchi za mbali wanahangaika usiku na mchana wasitoweke mahali walipozaliwa. Ni kazi njema, Mungu awalipe. Nimejiuliza tu ni nani aliyekaa kupanga kipi kihesabiwe kuwa cha hapa na kipi kihesabiwe kuwa takataka.

Kilichotokea baada ya kuhamishwa ndicho kichekesho chenyewe. Ghuba ikafagiwa, ikawa tupu na nzuri, halafu wageni wakaanza kuuliza: wenyeji wako wapi? Basi wenyeji wakarudishwa, kwa mshahara. Leo ukifika Vung Vieng au Cua Van utakuta sehemu ya kijiji bado inaelea, na wanawake waliozaliwa pale wanakusubiri kwa boti za mianzi wakutembeze dakika arobaini kuzunguka mahali palipokuwa kwao. Jioni wao wanarudi nchi kavu, sisi tunalala ghubani.

Nayasema haya nikijua kuwa nyumba yangu nayo ina paa la makuti karibu na moto. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, wanawake wanaolima mwani wamekuwa wakisukumana na mahoteli kwa miaka mingi, kwa sababu mgeni aliyelipia ufukwe mweupe hapendi kuona vigingi na kamba maji yanapopwa. Hapendi kuona kazi.

Nirudi botini, maana nilikuwa sijasema habari ya matanga. Boti yetu ilikuwa na matanga mawili ya kahawia, mazuri, yamekunjuliwa vizuri kabisa, na hayakusukuma chochote siku zote tatu. Zamani matanga ya jahazi za huku yalilowekwa katika maji ya kiazi pori yakatoka na rangi hiyo, na yasioze upesi. Siku hizi rangi imebaki, kazi imekwenda kwa injini. Boti zenyewe zilikuwa za rangi ya mbao mpaka mwaka 2012, jimbo lilipoagiza zipakwe nyeupe zote. Waliozizoea zile za zamani walinuna. Mimi naona zinafanana na friji zinazoelea.

Agizo hilo lilikuja mwaka mmoja baada ya msiba. Februari 2011 boti ya kitalii ilizama alfajiri karibu na Ti Top, abiria wamelala vyumbani, wakafa watu 12. Na tarehe 19 Julai 2025 dhoruba ya ghafla ilipindua boti ya matembezi ya mchana. Walikufa watu zaidi ya 35, wengi wao familia za Kivietnam zilizotoka kutembea, watoto wakiwamo. Bahari haishi zinge. Mimi ni wa kizazi kilichosikia habari za kuzama kwa MV Bukoba redioni mwaka 1996 na kwa MV Spice Islander mwaka 2011, kwa hiyo nikipanda chombo chochote jambo la kwanza ni kuhesabu majaketi ya kuokolea na kuangalia milango inafungukia wapi. Wenzangu walikuwa wanapiga picha za kitanda chenye petali za waridi. Mimi nilikuwa chini ya kitanda natafuta jaketi. Lilikuwepo, na mikanda yake ilikuwa mizima. Na nilipenda kuona kwamba boti haing'oi nanga mpaka mamlaka ya bandari iseme sawa, na ikisema hapana, hapana. Kuna abiria mmoja aliyenung'unika kuwa wiki iliyotangulia safari yake ilifutwa kwa upepo ambao yeye hakuuona. Nilitamani nimpeleke Nungwi akaulize habari za Spice Islander.

Usiku wa pili tulihamia Bai Tu Long, kaskazini mashariki, jina linalobeba watoto wa lile joka. Boti zilikuwa nne tu. Nahodha alizima jenereta mapema, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ghuba: maji yakiingia na kutoka katika ule mkato wa majabali, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Ndege fulani alikuwa akiita juu kabisa kwenye mwamba, mara tatu, ananyamaza. Hewa ya Novemba ilikuwa na baridi ya kutafuta sweta.

Tulivua ngisi. Vijana wa boti walishusha taa karibu na maji, wakatugawia vijiti vya mianzi vyenye uzi na chambo cha plastiki, tukakaa tunachezesha. Ni karabai tu, hakuna jipya. Ngisi wa Tonkin na ngisi wa Pemba wote wana ujinga ule ule wa kupenda mwanga. Saa nzima nilipata mmoja, mdogo kama kidole cha mtoto, akanitemea wino kwenye suruali. Mpishi alimchukua kwa heshima zote. Kesho yake alinionyesha jinsi wanavyotengeneza chả mực, kitoweo ambacho mji wa Ha Long unajivunia: ngisi hutwangwa kwenye kinu cha jiwe, kwa mkono, mpaka anavutika kama unga wa chapati, kisha anafinyangwa viduara na kukaangwa. Alisema wa mashine hautafuniki vizuri. Huyo mpishi alikuwa ameshanigundua tangu siku ya kwanza, niliposukuma pembeni sambusa zao nyembamba za nguruwe. Hakuuliza kitu, mlo uliofuata akaniletea za kamba peke yangu, kwenye sahani ndogo, na akasimama mpaka nionje.

Pamoja na chai walitupa korosho, zimekaangwa na chumvi, zimefungwa katika pakiti nzuri iliyoandikwa kuwa ni bidhaa ya Vietnam. Huenda ni kweli, nao wana mikorosho yao. Lakini nchi hii inayoongoza duniani kwa kuuza korosho iliyobanguliwa hununua ghafi nyingi kutoka Afrika, na ghafi ya Mtwara na Lindi imo. Nilitafuna polepole, nikiwaza kwamba huenda nimesafiri kutoka Tanzania na hizi nazo zimesafiri kutoka Tanzania, zikapata thamani njiani mimi nikipoteza yangu. Ningeweza kuandika makala nyingine juu ya pakiti ile.

Asubuhi ya mwisho ndipo tulipokwenda Vung Vieng. Tulipangwa wanne wanne katika boti za mianzi zilizopakwa lami. Yetu ilisukumwa na mwanamke wa umri wangu, labda zaidi, mwenye kofia iliyochongoka, iliyofungwa kidevuni kwa kitambaa cha maua na soksi za mikono hadi kwenye viwiko kujikinga na jua. Makasia mawili yalikuwa yamefungwa kwenye vigingi kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli. Hakuyavuta kama tunavyofanya sisi. Alikaa uso mbele, akayasukuma, kifua kikienda na mikono, kila msukumo mfupi na bila haraka yoyote. Nilijaribu kuvuta pumzi kwa kipimo chake nikashindwa.

Nilimwomba kijana wetu amuulize alizaliwa wapi. Kabla ya kujibu alitaka kujua mimi ni wa umri gani, kijana akamweleza, akanitazama na kucheka. Kisha akanyoosha kidevu, mikono ikiendelea na kazi, akaonyesha sehemu katikati ya majabali mawili. Pale. Nilitazama. Palikuwa na maji ya kijani na jani moja la mwembe-pori linaelea. Akasema nyumba yao ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mwamba ule wa kushoto, alama ya kamba bado ipo, na kweli ipo, mfereji mwembamba katika jiwe, laini kama kisigino cha kinu. Watoto wake wako mjini. Mmoja anafanya kazi kiwandani, mwingine anaendesha pikipiki. Hakuna anayejua kupiga makasia. Alipoulizwa wapi ni bora, mjini au hapa, alijibu maneno mengi ambayo kijana aliyafupisha kuwa moja: umeme. Nilimwambia arudie, maana maneno yalikuwa zaidi ya hapo. Akafikiri, akasema: anasema mjini kuna umeme na shule ilikuwa karibu, lakini kila kitu unanunua, hata samaki, na usiku nyumba haitikisiki, mwaka wa kwanza hakupata usingizi.

Tulikuwa hatujamaliza mzunguko aliposema kitu kwa ukali kidogo na kugeuza boti. Kijana akaangalia ratiba kwenye simu yake, akamwambia tuna dakika kumi bado. Mama yule hakuangalia simu. Alionyesha kwa kidevu tena, safari hii chini ya tao la mwamba tulilopita wakati wa kuja. Chaza walikuwa wameanza kufunikwa. Maji yalikuwa yamegeuka, na tao lile lilikuwa linafunga mlango.

Gatini mwa kijiji nilimpa noti ya dong 200,000, kama shilingi elfu ishirini za kwetu hivi. Upande mmoja ana Bác Hồ, upande wa pili lipo jabali la humu humu ghubani, lile lenye umbo la chetezo. Hakutazama upande wowote. Aliikunja mara nne, akaichomeka ndani ya soksi ya mkono, akanyoosha kiganja kumsaidia abiria aliyekuwa anafuata.